Nilivyomfufua Askari Nkwabi

Nianze na kosa lenyewe kabla sijatafuta maneno ya kulipamba. Nilichukua hadithi ya kubuni, nikaipachika ndani ya historia ya vita aliyoiandika mzee aliyeniamini, kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya mjane wa mtu niliyemwandika. Nilifanya hivyo ili rafiki yangu acheke. Na kweli akacheka.

Mwanangu, usinikodolee macho kwa kukuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na ndevu zangu zote ukizihesabu hufiki kumi. Lakini wewe uliyeingia kidato cha kwanza mwaka huu umeshasikia wanavyonisimulia: ndiye aliyemvalisha mbuzi tai ya shule, ndiye aliyeandika jina la mwalimu wa nidhamu kwenye orodha ya wapiga kelele. Hayo ni kweli, sikatai, na mbuzi alipendeza. Hili la leo hawakusimulii kwa sababu hawalijui. Kaa nikueleze mwenyewe.

Mtaani kwetu hapa Bariadi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anaishi Mzee Luhende. Ujana wake alipigana vita vya Kagera, akarudi, akawa mwalimu wa shule ya msingi mpaka akastaafu. Wazee wengine wakistaafu hununua ng'ombe. Yeye alinunua madaftari. Kwa miaka mingi alipanda baiskeli kwenda Mkula, kwenda Ipililo, kwenda Kalemela, popote aliposikia kuna askari mzee wa vita ile, akakaa naye akamuuliza. Habari za wakubwa hakuziulizia kabisa. Aliuliza mlikula nini siku ile, nani alibeba sufuria, mvua ilinyesha kabla hamjavuka au baada. Akishajibiwa anakwenda zake, na baada ya mwezi anarudi kuuliza swali lile lile kama mtu aliyesahau. Jibu likibadilika, haliandiki. Nilimwambia, Guku, yaani babu kwa Kisukuma chetu, unajitesa bure, nani atajua? Akanijibu kwamba vita vimeandikwa vya kutosha na waliokuwa na ramani, yeye anawaandika waliotembea kwa miguu.

Huo ni upande wake mmoja. Upande wa pili ndio ulionivuta mimi, maana nisikudanganye, habari za sufuria zilikuwa hazinipi usingizi mzuri, zilikuwa zinanipa usingizi moja kwa moja.

Mzee Luhende alitunga pia hadithi za ajabu. Alikuwa na Bariadi ya miaka elfu tatu ijayo, ambako pamba inalimwa mawinguni na watu wanashuka chini kuja kunywa chai tu. Alikuwa na malkia wa mvua aliyeishi chini ya ziwa, anayehifadhi sauti za waliozama ndani ya vyungu, kila sauti na chungu chake. Zaidi ya zote alikuwa na wachungaji wanaoswaga ng'ombe kutoka nyota moja hadi nyingine, ng'ombe wenye kwato za shaba, wanakamuliwa na mashine inayojua kuimba. Mzee mzima, mzee wa kanisa, Jumapili anakusanya sadaka, Jumatatu anaandika ng'ombe wanaoruka. Nilimpenda sana.

Ila alikuwa na utaratibu wake, na huu uusikilize vizuri. Historia aliiandika kwa kalamu ya bluu, katika madaftari makubwa yenye jalada gumu. Hadithi aliziandika kwa kalamu ya kijani, katika madaftari mengine, ndani ya sanduku lingine, kwenye chumba kingine. Kalamu hizo mbili hakuziweka mfuko mmoja hata siku moja. Akitoka kwenye kijani kuingia kwenye bluu alikwenda kwanza kunawa mikono. Mimi nilimcheka, nikamuuliza kama uongo unanata vidoleni. Hakukasirika.

"Kwenye kijani naruhusiwa kila kitu," aliniambia. "Kwenye bluu sina ruhusa ya kuongeza hata mbuzi mmoja."

Mwaka jana macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mistari ikawa inakutana. Akaniita, akaniomba nimchapie madaftari yote ya bluu kwenye kompyuta kabla giza halijafunga. Watoto wenye akili darasani walikuwepo, tena majirani. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, ni mimi peke yangu niliyewahi kumaliza hadithi zake za kijani na kuomba nyingine. Basi kila Jumamosi nikawa nakwenda kwenye duka la steshenari la baba yake Ramadhani, rafiki yangu, nachapa. Na kompyuta, mwanangu, haijui bluu wala kijani. Yote inayatoa meusi.

Kazi ilipokwisha, Mzee Luhende akatangaza jambo ambalo sijasikia mwandishi mwingine akilifanya. Alisema hakuna ukurasa utakaotoka nje kabla ya aliyeusimulia kuusikia kwa masikio yake na kuweka sahihi au dole gumba chini yake. Wazee wa vita wakaitwa kutoka kila upande, waje ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, pamba ikiwa imeshavunwa na watu wana nafasi. Msomaji ni mimi.

Siku mbili kabla, mimi na Ramadhani tulikuwa dukani tunapanga karatasi. Tukafika sura ya maji. Ilikuwa inamhusu askari mmoja wa Ipililo, jina lake Nkwabi, aliyekwenda kuwachotea wenzake maji, akakanyaga bomu lililotegwa ardhini, akafa. Nilikuwa nimeichapa mwenyewe neno kwa neno. Lakini sikuona mtu pale, niliona mistari. Nikakumbuka kwamba kwenye daftari la kijani kuna hadithi inayofanana nayo sana: askari anakwenda mtoni kuchota maji, ndege wa chuma anashuka bila mlio, anamfungulia mlango, wanapaa, na mpaka leo anachunga ng'ombe wa kwato za shaba huko juu, hazeeki. Nikamwambia Ramadhani, unajua nikibadilisha jina tu, wale wazee hawatashtuka? Watakuwa wamesinzia. Ramadhani akasema huthubutu wewe. Mwanangu, hapo ndipo nilipopotea. Mimi ukiniambia siwezi, akili inatoka nje kupunga upepo.

Nikachapa ukurasa mpya. Ule wa kweli nikaukunja nikautia mfukoni, kwa mpango kwamba wakishtuka tutacheka wote, nitautoa niwasomee, mambo yaishe.

Siku yenyewe naikumbuka mpaka harufu yake. Ukumbi ulinukia michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na makoti yaliyotoka masandukuni. Wazee walikuja kumi na mmoja, wengine na wake zao na watoto wao wakubwa, jumla kama watu arobaini. Walikuwa wamebeba vitu: picha zilizopauka, mkanda wa jeshi, cheti kilichofungwa kwenye nailoni. Wameleta ili viingie kitabuni. Walisalimiana kwa Kisukuma, mwadila, mwadila, wakataniana nani alikimbia zaidi mwaka ule, mmoja akasema yeye hakukimbia, alitangulia kuwaandalia njia. Nikaona kumbe ni watu wa aina yangu. Nikazidi kupata moyo.

Nilisoma sura tatu. Hakuna aliyesinzia. Ngoja nirudie, hakuna aliyesinzia hata mmoja. Walisikiliza wameinama mbele, na nikifika kwenye jina la mtu, wanamgeukia. Ningekuwa na akili ningeiruka ile karatasi. Lakini Ramadhani alikuwa amekaa nyuma kabisa, amejiandaa na leso mdomoni.

Nikasoma. Nkwabi anachukua madumu, anashuka mtoni. Ndege wa chuma anatua. Mlango unafunguka. Nikatia na sauti, unajua mimi nikianza sauti. Nikamaliza pale anapopaa akiwa mzima, anawapungia wenzake mkono. Ramadhani akaachia kicheko. Kilikuwa kimoja tu ukumbi mzima.

Kwenye benchi la mbele, mama mmoja mzee aliyevaa kitenge kipya akasimama taratibu, ameshikwa mkono na binti yake. Sikuwa namjua. Alikuwa Bibi Minza, mjane wa Nkwabi. Mzee Luhende alikuwa amemtafuta Ipililo muda mrefu, akamwalika bila kumwambia mtu, kwa sababu tangu vita vile vimalizike hakuna aliyewahi kumweleza mume wake alikufaje. Aliletewa neno kwamba amefariki, basi. Mzee alitaka aisikie habari hiyo mbele ya wenzake waliokuwa naye.

Akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo walimchukua akiwa mzima?"

Ukurasa wa kweli ulikuwa mfukoni mwangu, mkono wangu ulikuwa juu ya mfuko huo. Nasema haya ili ujue kwamba sikukosa njia. Nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mdomo.

Kabla sijajibu akainuka Mzee Shija wa Kalemela, aliyekuwa kikosi kimoja na Nkwabi. Alisema yeye alikuwepo siku ile na hakuona ndege. Kisha akamgeukia Mzee Luhende. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba mwenzao anaandika pia mambo ya nyota, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wamemwamini kwamba anatenganisha.

"Luhende," alisema, "na sisi umetuandika kwa kalamu ipi?"

Mzee Luhende alikuwa ameegemea fimbo yake. Macho yake hayakuweza kuuona ukurasa, ila masikio yake yalijua kila neno limetoka sanduku gani. Alitazama upande wangu, au upande aliodhani nipo. Nilisubiri anitaje. Badala yake alisema, "Kosa ni langu. Nimechanganya madaftari. Uzee." Akamgeukia Bibi Minza akitaka kumweleza, lakini watu walikuwa wameshaanza kunyanyuka, viti vinakwaruza, na binti wa Bibi Minza, kwa aibu ya kumuona mama yake anachekwa, alikuwa ameshamtoa nje. Wazee walipita mezani mmoja mmoja kuchukua vitu vyao. Picha. Mkanda. Cheti. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeweka dole gumba.

Nami nilikaa kimya. Ule utani ulikuwa upumbavu, sawa, mtu anaweza kuwa mpumbavu nusu saa. Ule ukimya ulikuwa kitu kingine, na ulinichukua miezi miwili.

Jioni ile nilimsindikiza Mzee nyumbani. Nilijua atanipiga fimbo na nilitamani anipige. Alikaa, akaomba maji, akanywa. Akaniambia nimesoma vizuri, sauti yangu ni nzuri. Halafu akaniambia kitu ambacho bado kinaniamsha. Ile hadithi ya kijani ya askari na ndege aliitunga kwa ajili ya Nkwabi. Ni yeye aliyemshika Nkwabi akifa, na ni yeye aliyemzika. Kwenye bluu ilimbidi amuandike alivyokufa, maana ndivyo ilivyokuwa. Lakini alitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo Nkwabi hafi, na mahali hapo akapafungia kwenye sanduku, asimdanganye mtu yeyote.

"Wewe uongo huo umeutoa nje," alisema. Akaniruhusu niende.

Hajashika kalamu tangu siku ile. Si ya bluu, si ya kijani.

Miezi miwili, mwanangu. Nikaendelea na vituko shuleni, tena kwa bidii, mtu asiniulize kitu. Mwezi wa nane tukasikia Mzee Shija amefariki huko Kalemela. Alikwenda akiamini kwamba rafiki yake wa vitani amewafanyia mzaha wote. Nilisikia habari hiyo nikiwa foleni ya uji, nikatoka kwenye foleni.

Kilichonisukuma hasa ni mama. Mama yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na kwao ni Ipililo. Alikwenda huko kwenye msiba wa ndugu, aliporudi akawa anasimulia kama mtu anavyosimulia habari za nyumbani, bila kujua anamsimulia nani. Alisema Bibi Minza amewafanya watoto wake wakandike nyumba upya. Anawaambia majirani kwamba mume wake hakufa, alichukuliwa akiwa mzima, imesomwa kanisani, na mtu aliyechukuliwa huweza kurudishwa. Kila mlo anapakua sahani moja zaidi, anaifunika. Watoto wake wamejaribu kumkanya, wamechoka. Mama alitikisa kichwa akasema maskini, akaendelea na pindo lake.

Jumamosi iliyopita nikaenda Ipililo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anaanika michembe juu ya mwamba. Nikapiga magoti nikamwamkia, mwadila mayu, yaani mama. Akanijua kwa sauti, akafurahi. Akaniita yule msomaji. Akauliza kama nimeleta habari mpya.

Nikamwambia yote. Mimi ndiye niliyepachika, Mzee Luhende hakukosea hata nukta, ndege hakuwepo. Kisha nikautoa ule ukurasa, uliokuwa umechakaa kwenye mikunjo, nikamuuliza kama nisome. Akasema soma.

Ulisema hivi. Nkwabi wa Ipililo alikwenda kuchota maji na madumu mawili, na chupa za wenzake saba amezivaa shingoni. Alirudi mpaka karibu na shamba la migomba. Hapo akakanyaga bomu. Aliishi kama robo saa. Aliuliza kama maji yamemwagika. Luhende akamwambia hayajamwagika. Yalikuwa yamemwagika yote. Walimzika kando ya migomba, kichwa kikielekea huku kwetu, saa nne asubuhi, na hapakuwa na mvua.

Bibi Minza aligeuza vipande vya michembe kimoja kimoja mpaka mstari ukaisha. Akasema ndiyo, alikuwa hivyo, hakupenda kumwaga kitu. Akaniomba nirudie pale pa kichwa kuelekea kwetu. Nikarudia. Akakaa chini.

"Basi leo ndiyo nimefiwa," alisema.

Hakunifukuza. Aliniambia niende kabla jua halijazama. Niliposimama aliufunika uso wake kwa kitenge kile kile cha siku ya ukumbini, na nikiwa njiani nikasikia ameanza kulia, kilio cha msiba, cha mtu aliyefiwa leo.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sikuipata kitabuni. Chekesha. Mimi sitaki uache, shule bila vichekesho ni jela yenye kengele. Lakini kabla hujachekesha jiulize ni nani atakayebeba uzito wa hicho kicheko, na kama humjui kwa sura, mwache. Kila jina unaloliona kwenye karatasi lina mtu, au lina mtu anayelisubiri. Mtu anayejitungia uongo wake na kuufungia sandukuni, muheshimu, anajua anachokifanya kuliko wewe unayejiita mkweli. Na ukikosea, sema ni mimi, hapo hapo, viti havijaanza kukwaruza. Usingoje kosa lako libebwe na mzee wa watu. Usingoje wa kuombwa msamaha waanze kupungua. Kukiri kuna aibu ya dakika tano, naijua sasa. Nilikuwa nazikimbia hizo dakika tano, nikakimbia miezi miwili.

Mungu akupe akili ya kuchekesha na macho ya kuona aliyekaa mbele. Akujalie wazee wa kukuamini, na akuepushe usiwaaibishe. Siku ukikosea, kwa maana utakosea, akupe mdomo mwepesi.

Nilirudi Bariadi jioni ile nikamweleza mama kila kitu, kuanzia Ramadhani mpaka kile kilio. Alikuwa kwenye cherehani, na mguu wake haukusimama mpaka nilipomaliza. Kusema ukweli nilitegemea anipongeze kwa kwenda. Alikata uzi kwa meno, akanitazama, akasema:

"Uongo uliusoma umesimama, ukumbi mzima unakusikia. Ukweli umeunong'ona kwa mtu mmoja nyuma ya nyumba. Shija hutampata tena, lakini wale kumi wapo, na Luhende yupo. Mimi nitamuomba mchungaji ukumbi. Wewe utakwenda kuwaita, mlango kwa mlango. Shati lako nitalipiga pasi."